Ua Lisilo na Vidaraja

Mimi nikichora siwezi kuzungumza. Siku moja mume wangu aliniuliza kama wali umeiva, nikamwitikia tu bila kusikia alichosema, na jioni tukala ukoko. Alidhani nina kiburi. Sina. Penseli ikigusa kitambaa maneno yananihama kichwani, hata majina ya vitu. Naona mkunjo, naona nafasi kati ya mkunjo na mkunjo, lakini ukiniuliza hilo ni jani gani nitakukodolea macho tu.

Labda ni kazi yenyewe iliyonizoesha hivyo. Vitambaa vya meza tunavyouza kisiwani Nosy Be ni vya kukatwa. Mchoraji anachora ua, wadarizi wanashona kingo zake, halafu mikasi inakata kitambaa chote kinacholizunguka, panabaki matundu. Kwa hiyo macho yanajifunza kutazama matundu kuliko ua. Na mchoraji asisahau vidaraja, vile vijistari vyembamba vya kuliunganisha ua na kitambaa, kwa sababu bila hivyo ua lote litadondoka. Haya nilifundishwa na mama, nyumbani kwetu Mahabibo, mtaa wa Mahajanga, kabla sijaolewa Nosy Be mwishoni mwa miaka ya sabini. Mama alichora bila kufuta, na mdomo wake haukuzoea kusifu.

Miaka ikapita. Hoteli zilikuwa zimeongezeka kule Ambondrona, nami nimetandaza vitambaa vyangu kwenye kamba ufukweni, nilipoletewa habari kutoka Mahajanga kwamba mama amepigwa na kiharusi. Upande wa kulia umekufa, hasemi, hamjui mtu. Nilivikunja vitambaa ovyo ovyo nikaondoka siku ile ile.

Kuanzia bandari ya Ankify ni safari ya gari, na ndefu. Nilitaka kumfikiria mama, kumwombea, lakini kichwa hakikutulia. Kilichukua kona za barabara, kilichukua ukosi wa dereva, na kidole changu kikawa kinavichora pajani. Mwanamke niliyekaa naye akaniuliza kwa Kimalagasi kama nina upele. Nilijichukia. Mama yangu anakufa, nami nachora ukosi wa dereva.

Kaka yangu alinipokea mlangoni. "Usijisumbue sana kumsemesha," alisema. "Macho yapo, mwenyewe hayupo."

Mama alikuwa ameegemezwa mito kitandani. Nilimwita kwa Kikomoro, lugha yetu ya nyumbani, akanitazama kama anavyotazama pazia. Alichoweza kutoa ni "ta" tu. Kaka alisema daktari amewaeleza kwamba maneno yana mahali pake ubongoni, na mahali hapo pameumia. Mengine hakuweza kuyaahidi. Nilizunguka chumba kile asubuhi nzima, dirishani, mlangoni, tena dirishani, mpaka wifi akaniomba nikae. Sikukaa. Nilikuwa na swali moja tu, kama mama bado yumo humo ndani, na hakuna aliyeweza kunijibu.

Ndipo nikajifikiria mwenyewe. Ikiwa nikichora maneno yananiacha na bado nachora, basi kuchora hakukai nyumba moja na maneno. Nilitandika kitambaa juu ya ubao, nikauweka mapajani mwake, nikamshikisha penseli mkono wa kushoto.

Aliigeuzageuza penseli vidoleni. Kisha akaanza. Mstari ulitetemeka lakini ulijua unakokwenda. Likatokea petali, la pili, likatokea ua zima. Akaweka penseli chini, nami nikaangalia: hakuna kidaraja hata kimoja.

Kaka alisema kweli, niliwaza. Mkono unakumbuka, mwenye mkono ameshaondoka. Sikuweza kulivumilia ua lile lisiloshikwa na kitu. Nikanyakua penseli, nikaweka vidaraja mwenyewe, haraka haraka, pale ninapoviweka siku zote.

Mama akainama. Alilowesha kidole kwa mate, akasugua kidaraja changu kimoja mpaka pakawa doa jeusi.

"Mama, hapo panahitaji," nikasema, nikakirudisha.

Akakisugua tena. Akaninyang'anya penseli, akachora chake pembeni, kimepinda.

"Hapo kitambaa kitavutika."

"Ta," alisema, kwa ukali.

"Kitavutika, nakwambia. Miaka yote hii nafanya kazi hii, na wewe bado hutaki kunisikiliza."

"Ta!" Akanisukuma mkono.

Kaka alikuja mbio kutoka uani, akauliza nina wazimu gani wa kumfokea mgonjwa. Tulikuwa tunavutana penseli, mimi nalia kwa furaha, na mama hakutaka kuiachia.