Kandambili za Kuingilia Ndani

Kwa mama yangu, kijijini Marambo, mgeni alivaa viatu kuingia ndani. Kwingine kote nilikokaa, mtu akishaitikiwa hodi anavua viatu nje ndipo anaingia. Kwa mama palikuwa na kandambili za bluu pembeni ya ngazi, na aliyekuja peku aliambiwa azivae kwanza, asije akaumwa na nyumba.

Nyumba yenyewe ilikuwa karavani, lile tela la kulala linalovutwa na gari, lenye kitanda, jiko dogo na friji. Mdogo wangu wa kiume ni dereva kwenye kambi ya watafiti wa madini upande wa Ruangwa. Wageni wa kambi walipofunga kazi waliliacha, akaliomba, akapewa. Masika yaliyopita ukuta wa nyuma wa nyumba ya mama ulikuwa umelala chini, na mimi nilikuwa nimeshaandaa chumba kwangu Nachingwea mjini. Mama anatumia sindano za sukari, na dawa yake inataka baridi. Ilikaa kwenye friji langu, nami nilimtumia kidogo kidogo kwa bodaboda, imefungwa ndani ya chupa ya chai yenye barafu. Kila bodaboda ilipochelewa nilikosa raha siku nzima.

Chumba changu alikikataa bila hata kukiona.

"Mjini kwako nitakaa kama mzigo stendi," alisema. "Na mikorosho yangu ataipalilia nani?"

Kwa hiyo karavani lilipoingia uwanjani likivutwa na Landkruza, sote tulishukuru. Mama atabaki kwake, dawa itakaa kando ya kitanda chake, na mimi nitalala usingizi. Kilichobaki ni umeme tu.

Umeme ulikuwa kwa mjomba, kaka yake mama, upande wa pili wa uwanja. Karavani lilikuja na waya wake mnene na plagi kubwa ya bluu, ya mviringo, yenye meno matatu. Soketi ya kuipokea plagi hiyo Marambo haipo. Mdogo wangu hakusumbuka kuitafuta. Aliikata plagi kwa koleo, akaunga na waya mwembamba wa kufungia taa, akautambaza chini uwanjani hadi kwenye soketi ya jikoni kwa mjomba. Ndani ya waya wa karavani mlikuwa na nyaya tatu. Aliunga mbili. Ya tatu, ya kijani yenye mstari wa njano, aliikunja akaifunga kwa selotepu nyeusi.

"Na huo?" nilimuuliza.

"Huo wa ziada tu, dada. Haina noma."

Mimi ni fundi cherehani, naujua uzi, waya siujui. Lakini sijawahi kukuta mshonaji akiweka uzi ambao hauna kazi. Nilimwambia hivyo, akacheka, akasema nirudi kwenye magauni yangu. Friji lilinguruma, taa ikawaka, na mjomba akapiga makofi. Kabla ya alasiri mdogo wangu alikuwa njiani kurudi Ruangwa.

Haikupita wiki, mama akanipigia simu. Alikuwa ametoka kutawadha, akashika mlango, na mlango ukamuuma. Hilo ndilo neno alilotumia. Mama Kiswahili alikipatia sokoni, nyumbani kwao ni Kimwera, na akikosa neno hachukui la karibu, anachukua la kweli. Nikampigia mdogo wangu.

"Shoti ndogo tu hiyo," alisema. "Avae kandambili. Mbona mimi nimeshika mara mia, sijasikia kitu?"

Ndivyo kandambili za bluu zilivyofika mlangoni. Watu walizizoea haraka, na wengine walizifanyia utani, wakisema mama siku hizi anafuga nyumba kali. Aliyeshindwa kuzizoea ni mama mwenyewe. Ndani ya karavani ndimo anamoswali, na hawezi kukanyaga anaposwalia kwa kandambili zilizotoka matopeni. Kwa hiyo alizivaa kutoka bafuni mpaka kwenye ngazi, kisha alizivua palepale chini, na ili asianguke wakati wa kuzivua alishika chuma cha mlango. Nilimwona kwa macho yangu. Nikamgombeza.

"Sasa niingie na viatu kwenye mswala?" aliniuliza. "Wewe nilikufundisha hivyo?"

Niliwaza kuchomoa waya. Lakini friji likizimwa, dawa itaharibika, na dawa ikirudi kwangu, mama naye itabidi aifuate. Alilijua hilo kabla yangu. Kila nilipoutazama ule waya alianza kuzungumzia mikorosho.

Kisha mvua za kwanza zikanyesha.

Siku hiyo nilikuwa Marambo, chini ya upenu wa jiko la mjomba, natwanga. Akaja rafiki yake mama wa tangu usichana, ambaye mimi namwita mama mdogo. Alipiga hodi, mama akamkaribisha kutoka ndani. Kwa heshima, au kwa kusahau, mama mdogo alivua ndala zake, akakanyaga tope kwa nyayo, akashika chuma cha mlango ili apande.

Hakupiga kelele. Nilichokiona kwanza ni ushungi wake kuanguka na yeye asiuokote. Mkono ulikuwa umekamata chuma na haukuachia, mwili unatetemeka, meno yameumana. Mama alikuwa anamjia kutoka ndani, mkono ameunyoosha amshike. Nilimpigia mama ukelele ambao mtoto hampigii mzazi. Mjomba alikimbilia soketi. Mimi nilikimbia na mchi mkononi, nikampiga mama mdogo kwenye kifundo cha mkono, kwa nguvu, mpaka akaachia akaanguka.

Alipona. Kiganja kilibaki na mstari wa kuungua, na kifundo nilichokipiga kilivimba. Aliniambia nisimwombe radhi. Lakini mpaka leo akija huishia uwanjani kwa mjomba, na mama humfuata huko na kiti chake.

Jioni hiyo mama alikaa kwenye mkeka kwa mjomba, hataki kula.

"Ningekuwa mimi," alisema, "nani angekuja na mchi? Mimi nashinda peke yangu."

Nilimpigia simu mdogo wangu. Alianza kusema si alituambia wavae kandambili. Sikumngoja amalize. Niliyomwambia siwezi kuyaandika, na mjomba aliyasikia yote.

Kesho yake dawa ilirudi Nachingwea, na mimi nikarudi Marambo na fundi umeme. Mama alikataa kuondoka, alilala kwa mjomba na kumfuatilia fundi kila hatua. Tatizo lilianzia kwenye friji, fundi alisema, lilikuwa linavujisha umeme kwenye bodi ya karavani. Ule waya wa kijani ndio uliotakiwa kuupeleka ardhini, na ulikuwa umezibwa mdomo. Karavani limekaa juu ya matairi ya mpira, kwa hiyo umeme ulibaki kwenye mabati, unasubiri mtu anayekanyaga udongo.

"Ukiwa ndani hupigwi, ukiwa nje hupigwi," alisema. "Unapigwa mguu ukiwa huku na mkono ukiwa kule."

"Yaani mlangoni," mama alisema.

"Mlangoni, mama."

Alilitengeneza friji. Alichimbia nondo ya ethi, ile inayopeleka umeme ardhini, kwenye udongo wenye unyevu, akavuta waya mnene kutoka kwenye swichi kubwa ya mjomba, juu kwenye nguzo, mbali na majembe na mbuzi. Aliweka plagi mpya ya bluu, na swichi inayojikata yenyewe umeme ukivuja. Akabonyeza kitufe chake mbele yetu, ikakata; kisha akapima chuma cha mlango kwa testa, bisibisi yenye kitaa, na kitaa hakikuwaka. Alimrudisha mama darasani: zima kwanza, chomeka, ndipo uwashe. Mama alirudia mpaka fundi akachoka.

Kabla hajaondoka aliniuliza kama aliyeunga mwanzo hakuwahi kupigwa. Nikamwambia anasema ameshika mara mia. Fundi akauliza anavaa viatu gani. Hapo ndipo nilipoyakumbuka mabuti ya kambini, yenye soli nene ya mpira. Mdogo wangu alikuwa anakuja kwa mama, anakula chakula uwanjani, anaondoka. Mabuti hajawahi kuyavua kwa mama hata siku moja.

Ijumaa alikuja kutoka Ruangwa, ana sukari na sabuni mkononi, anaongea sana. Alinyanyua mguu apande ngazi.

"Vua," mama alisema.

Alidhani ni utani. Mama alichota maji ndooni akayamwaga chini ya ngazi, mpaka udongo ukawa tope.

"Vua mabuti. Wote walioingia humu kwa adabu walivua."

Alilegeza kamba taratibu. Nyayo zake zilikuwa laini, nyeupe kwa kufungiwa. Akasimama kwenye tope, akakitazama kile chuma.

"Fundi si amepima?" aliniuliza.

"Amepima."

"Na testa?"

"Na testa."

Mkono haukunyanyuka. Nilifurahi, sifichi. Nilitamani asimame pale mpaka jua lizame.

Mama ndiye hakuvumilia. Alizivua kandambili, akaingia kwenye tope lilelile, akamsukuma mwanawe kwa bega, na kabla sijafungua mdomo akakamata chuma kwa kiganja kizima. Niligeuka kutafuta mchi. Nilikuwa nimeuacha kwa mjomba.

Mama alibaki ameshika, macho kafumba. Kisha akayafumbua.

"Haiumi," alimwambia. "Sasa shika na wewe."