Ufunguo Uliopigwa Muhuri

Sidonie ni fundi wa kompyuta wa shirika letu la afya hapa Kasongo, kazi ambayo wakubwa wake wanaielewa kiasi cha kutosha kuizuia. Mimi ni katibu. Shahada yangu ya chuo kikuu imetundikwa juu ya meza yangu. Nalitaja hilo kwa sababu ushauri ulioleta tabu hii ulitoka mezani hapo.

Sidonie alitakiwa kwenda kituo cha afya cha Salamabila, kwa wachimba dhahabu, kuweka programu ya kulinda friji ya chanjo: wakala asiyelala wala kudai posho, anayepima joto kila baada ya dakika tano na kutuma taarifa. Depo ya chanjo ilikuwa imeweka sharti: taarifa isipofika kabla ya Ijumaa saa sita mchana, dozi za surua za Salamabila zitapelekwa kwingine. Surua yenyewe ilikwisha kufika huko bila sharti lolote.

Programu hiyo hufungashwa pamoja na vyote inavyohitaji, kama mzigo mmoja, kisha huwekwa katika ghala la mtandaoni lisilo la watu wote. Mashine inayotaka kuichukua hutaja jina na ufunguo wa herufi arobaini. Makao makuu yalimtumia ufunguo huo mkurugenzi wetu, Bwana Jean-Baptiste, kwa kuwa siri hukabidhiwa mwenye cheo, si mwenye kuihitaji.

Sidonie aliomba auingize katika kompyuta yake kabla ya safari. Mkurugenzi akaniuliza kanuni inasemaje. Kanuni haikusema kitu, lakini msomi hawezi kukiri jambo kama hilo. Nikapendekeza ufunguo uandikwe katika barua rasmi, ndani ya bahasha ya kufunguliwa Salamabila tu. Mkurugenzi, kwa usalama zaidi, akaufuta ujumbe wa asili. Kisha akapiga muhuri pale unapopigwa katika ofisi zetu zote: juu ya kile kisichotakiwa kughushiwa. Nakala ya jalada ikapigwa vivyo hivyo.

Baada ya siku mbili za pikipiki na tope, Ijumaa saa tatu asubuhi, Sidonie alipiga simu.

“Chef, ufunguo iko chini ya kashe. Herufi saba za mwisho hazionekane.”

“Kashe yenyewe iko wazi, mama?” mkurugenzi aliuliza habari za muhuri wake.

“Iko wazi sana, chef. Hata namba ya sanduku la posta ninaisoma.”

“Basi barua iko halali.”

“Mashine haiulize kama iko halali. Inaomba herufi makumi ine, niko na makumi tatu na tatu.”

Tukalifungua jalada. Muhuri wa nakala ulikuwa umekolea kuliko ule wa kwanza. Niliinua karatasi kwenye mwanga wa dirisha, nikaigeuza, nikajifanya nasoma kitu.

Sidonie alitaka makao makuu yaombwe kuufuta ufunguo ule na kutoa mwingine. Mkurugenzi aliona kwamba hiyo ingekuwa kukiri kwamba umepotea.

“Chef,” Sidonie alisema polepole, “niko na watoto kumi na moja kwa vitanda sita. Andika, ao nitaandika miye.”

Mkurugenzi akaniamuru niandike. Niliandika aya tatu za utangulizi, nikazifuta, nikabakiza ombi. Makao makuu, kwa kutokujua heshima zetu, yakamtumia Sidonie mwenyewe ufunguo mpya. Saa tano na dakika arobaini wakala alitoa taarifa yake ya kwanza: friji, nyuzi nne. Dozi zikabaki za Salamabila.

Wiki iliyofuata mkurugenzi aliagiza barua ya kuipongeza ofisi kwa ulinzi: ufunguo wa kwanza haukuibwa na mtu yeyote. Hilo lilikuwa kweli. Niliongeza sentensi moja ya kumshukuru Sidonie, chini kabisa, palipokuwa na nafasi. Mkurugenzi alipokwisha kutia sahihi, nikachukua muhuri na kuupiga mahali pake, kwa mkono uliozoea. Nilipouinua nikaona kwamba jina la Sidonie nalo limelindwa barabara.