Anwani Iliyoazimwa kwa Wakunga

Nyaluak alirudi Juba na shahada ya Eldoret, magodoro mawili, na imani kwamba kitu kikigawanywa kwa haki kitawatosha wote. Magodoro yaliibwa mapema. Imani ilichelewa kidogo.

Ilikuwa miaka ile ya mkataba wa amani, kila mlango wa Juba ulipokuwa ukibandikwa cheo cha mtu. Wizara iliyomwajiri ilikuwa imesimamisha dishi la mtandao juu ya paa, na pamoja na dishi kampuni ya Nairobi ikaleta anwani chache za mtandao, zile zinazoitwa za nje. Anwani yenyewe ni nambari tu. Kompyuta yenye anwani ya nje inajulikana duniani na inaweza kubishiwa hodi kutoka popote. Kompyuta nyingine zote hupewa anwani za ndani, ambazo ni tele, nazo huingia mtandaoni bila taabu kwa kupitia mlango mmoja wa pamoja. Mtu wa kusoma barua na matokeo ya mpira hahitaji ya nje, kama vile mtu wa kunywa chai hahitaji kumiliki kisima. Kazi ya Nyaluak ilikuwa kuwagawia zile chache wanaozihitaji kweli.

Akawaitisha wakubwa, akawaeleza hayo yote kwa upole, na mchoro ubaoni. Wakubwa walimsikiliza vizuri sana. Walichokisikia ni kwamba kuna za nje na za ndani, na za nje ni chache.

Basi ikaundwa kamati, kwa sababu wizara isingeweza kukosa kamati. Anwani zikagawanywa kwa cheo, na vyeo vikilingana, kwa miaka ambayo mtu alipigana msituni. Mkurugenzi mkuu alitaka ile ya kwanza. Nyaluak akamwambia ya kwanza inatumiwa na mashine inayopokea mtandao wenyewe.

"Mashine imekuja mwaka jana," mkurugenzi akasema. "Mimi niliingia msituni mwaka wa themanini na tatu."

Mashine ikashushwa cheo, na wizara nzima ikakaa gizani mpaka fundi wa kampuni, Mkenya mmoja aitwaye Omondi, alipotolewa hotelini kwake mtaa wa Hai Amarat kuja kuirudisha. Omondi alitazama mpangilio ule, akatikisa kichwa.

"Nyaluak dada yangu, mimi nilisomea mitandao," akasema. "Hii yenu ni ya kusomea siasa."

Mwenye kuipenda anwani yake kuliko wote alikuwa Mzee Thiik, naibu mkurugenzi. Aliipeleka kwa mchoraji wa vibao wa Hai Mauna, ikarudi imeandikwa kwa rangi nyekundu na kutundikwa mlangoni, nambari na nukta zake zote. Kompyuta iliyopewa anwani hiyo ilikuwa bado imevaa nailoni yake. Mzee aliogopa vumbi.

Tungeweza kucheka tukaenda zetu, lakini ukuta mmoja na wizara palikuwa na chuo kidogo cha wakunga kilicholishwa na dishi lilelile, na katika chuo hicho alisoma Anyieth. Yeye na Nyaluak walikua pamoja kambini Kakuma, wakarudi pamoja, wakapanga pamoja tukuli moja, kijumba cha udongo na nyasi, Hai Malakal. Nyaluak Mnuer, Anyieth Mdinka, makabila yaliyomwagiana damu vitani. Majirani walishangaa wiki nzima, kisha wakachoka. Mama yake Anyieth alikufa akijifungua, kibanda chao kikiwa hatua chache tu kutoka zahanati isiyokuwa na mkunga. Tangu siku hiyo Anyieth hakutaka kuwa kitu kingine chochote.

Sasa mtihani wa mwisho ulikuwa unatoka Nairobi, kwa mtandao. Chuo cha Nairobi kilikuwa na sharti moja: kompyuta ya mtihani iwe na anwani ya nje, na isajiliwe kwao mapema, wajue hodi inabishwa na nani. Darasa lisilofanya mtihani siku hiyo lingefungwa, maana mfadhili alikwisha kuwachoka.

Nyaluak akaomba anwani moja kamatini. Kamati ikauliza wakunga hao walipigana upande gani. Akasema hawakupigana, ni wasichana, wengine walizaliwa hukohuko msituni. Kamati ikajibu kwamba kuzaliwa msituni si sawa na kuingia. Anwani zilikuwa zimekwisha, kalas, asubiri nyingine.

Angeweza kumpokonya mtu kimyakimya. Lakini Nyaluak alikuwa na kiburi chake: hajawahi kudanganya juu ya anwani yoyote, ndogo wala kubwa. Kitu hiki kilimsumbua usiku na mchana, mpaka siku moja akiosha vyombo akakumbuka jambo ambalo hakufundishwa Eldoret. Kwao, kama kwa Wadinka, mwenye ng'ombe hanyang'anywi ng'ombe. Lakini akija jirani mwenye mtoto mchanga na hana maziwa, anaazimwa ng'ombe anayenyonyesha. Ng'ombe anakwenda, mwenyewe anabaki mwenyewe, na sifa inabaki kwake.

Akaenda kwa Mzee Thiik, akaketi kwenye kiti cha chini kuliko chake, kama inavyopasa.

"Mzee, sikuja kuchukua anwani yako. Nimekuja kuomba maziwa. Pale ng'ambo ya ukuta kuna watoto."

Uso wa mzee ukafunguka wote. "Sasa wewe unaongea vizuri, yaa Nyaluak! Ile kamati, yeye hapana jua kuongea. Kupa mimi hapana weza. Lakini kuazima? Mimi iko mtu ya kuazima watu, tangu baba yangu."

Akaazima. Alifika chuoni mwenyewe kuikabidhi, akatoa hotuba, wakunga wakampigia makofi na vigelegele, na Nairobi ikasajili. Nyaluak alilala usingizi wa mtu aliyeishinda serikali. Masikini, alikuwa amesahau nusu nyingine ya desturi.

Ng'ombe aliyeazimwa huitwa nyumbani mwenyewe anapomhitaji, na hakuna siku mtu anayowahitaji ng'ombe wake kama siku ya kuzungumza mahari. Mtoto wa Mzee Thiik alikuwa anaoa. Wakwe walikuwa wanakuja kutoka mbali kumpima mzee na mali yake, na kwa kuwa ng'ombe wenyewe walikuwa malishoni mwendo wa siku nyingi, mzee aliona heri waanzie ofisini. Wangekuja asubuhi ileile ya mtihani.

"Nataka anwani yangu rudi kwa nyumba," akamwambia Nyaluak siku ilipofika. "Na ile kompyuta, toa nguo. Leo wakwe wataona."

"Mzee, wakunga wana mtihani asubuhi hii. Ukiichukua hawatafanya kabisa. Na mashine mbili zikishika anwani moja zinagombana, zote zinakatika. Wakwe hawataona kitu."

"Ndiyo maana mimi nasema irudi." Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayeelezea mvua. "Baada ya mahari, wao ataomba tena."

Nyaluak alitoka nje akasimama pembeni ya ukuta. Upande wa pili aliwasikia wakunga wakisomeana majibu, sauti ya Anyieth juu ya zote, ikirudia dalili za mama anayevuja damu. Aliona hasira, na zaidi ya hasira aliona aibu, kwa kuwa wazo la ng'ombe lilikuwa lake. Kisha akarudi ndani, akaivua kompyuta nailoni, na akaipa anwani ya ndani, ile ya watu wa mpira na barua. Ya nje akaiacha chuoni.

Wakwe wakaja, wazee watatu wenye fimbo na shangazi mmoja aliyekuwa hatari kuliko wazee wote. Wakaketi. Nyaluak akabonyeza. Picha ya Juba iliyopigwa kutoka angani ikatokea kiooni, wakaguna kwa heshima, wakaiona Nile, wakabishana ni wapi. Kompyuta ilikuwa inafanya kazi sawasawa kama ambavyo ingefanya na anwani ya nje, jambo ambalo Nyaluak alilieleza ubaoni tangu siku ya kwanza. Mzee Thiik akatanua kifua.

Shangazi ndiye aliyeuliza. Alimgeukia Nyaluak, kwa Kiarabu cha Juba, akitaka kujua kama kitu hiki ni cha Thiik kweli, au kimeazimwa kwa ajili ya leo. Wakwe hawajazaliwa jana.

Kudanganya mbele ya wakwe juu ya mali ya mahari si mchezo. Nyaluak alijua watu walioapizwa kwa hilo hata ukoo wao ukaogopa kula nao. Nyuma ya ukuta palikuwa kimya, kimya cha watu wanaoandika.

"Anwani ni ya Mzee Thiik," akasema. "Iko hapo mbele yenu."

Nusu ya kwanza ilikuwa kweli. Alingoja nusu ya pili imchome, na haikumchoma. Shangazi akaitika kwa kichwa, mazungumzo yakahamia kwa ng'ombe wa miguu minne, na Nyaluak akaaga akatoka.

Alimkuta Anyieth chini ya dirisha la chuo, analia na kucheka kwa pamoja, wenzake wamemkumbatia. Wote walikuwa wamemaliza, wote. Nyaluak alimshika mkono, akaubana mpaka Anyieth akalalamika.

Mzee Thiik alitoka kuwasindikiza wakwe getini, akawaona wasichana wale, akasimama. Uso wake ulikuwa umejaa ukarimu wa mtu ambaye mahari yake imekwenda vizuri.

"Yaa Nyaluak," akaita kwa sauti, ili wakwe wasikie. "Ambia hao watoto wasilie. Wakwe wakienda, mimi naazima wao tena."

"Asante, mzee," Nyaluak akasema, akainamisha kichwa kwa adabu zake zote. "Nitawaambia. Watafurahi sana."