Aliyekatazwa Kuvuta

Aiuba alirudi kutoka hospitali na neno moja tu, na neno lenyewe alilishika kama mtoto anavyoshika peremende: amekatazwa kuvuta.

Daktari alikuwa amesema mengi. Alisema kidonda kilicho chini ya ulimi ni kansa, kwamba kinaweza kukatwa kabla hakijashuka shingoni, lakini mdomo unaolishwa tumbaku haushiki mshono. Basi aache kwanza, ndipo apelekwe Pemba, mji mkuu wa mkoa, kwa operesheni. Yote hayo yalisemwa kwa Kireno. Flávia, nesi wa kutoka Mueda, ambaye Kiswahili chake ni cha sokoni, akayafupisha: "Papá, kuvuta basi. Ukivuta, hukatwi."

Cadija, mkewe, alikuwepo akisikia. Alidhani mtu mzima mwenye mvi kidevuni hahitaji kuelezwa zaidi ya hapo.

Asubuhi yake wenzake walipokuja kumwita pwani kuvuta juya, ule wavu mrefu unaotaka watu wengi kila kamba, Aiuba alijinyoosha mkekani.

"Nimekatazwa kuvuta."

"Sigara, baba Nadia!" Cadija akamwambia.

"Wewe ulimsikia akitaja sigara? Alisema kuvuta. Juya si linavutwa? Kamba ya kisima si inavutwa?"

Wenzake walicheka mpaka wakashikana mabega. "Shemeji," alisema Selemane, mshika kamba mwenzake, "hata mlango usimwache auvute."

Basi Cadija akavuta maji, akavuta gunia la muhogo, akavuta hata mkeka kivuli kilipohama, bwana mkubwa akiwa juu yake kama sultani. Sigara kweli aliacha, hilo Cadija hakumnyima. Alimnusa shati kila jioni, moshi hakuna. Lakini kidonda hakikutulia, mate yalikuwa na rangi ya chai, na shavu la kushoto lilituna hata wakati hakuna chakula nyumbani. Cadija aliona. Amelea watoto watano. Shavu linaloficha kitu analijua toka mbali.

Na wageni ndio waliozidi. Mgonjwa haendewi mikono mitupu. Machungwa? Mayai? Wapi! Wanaume hao hao watakaolia kwa sauti siku ya mazishi walikuja mmoja mmoja, wakamsalimu kwa upole, wakampenyezea kitu chini ya mto, wakaondoka na nyuso za watu waliofanya sadaka.

"Fungua mdomo," Cadija alimwambia siku Selemane alipotoka.

"Mimi mtoto?"

"Mtoto angekwisha fungua."

Akafungua. Tonge la tumbaku, jeusi, limelala juu ya kidonda kama ndilo godoro lake.

"Hii sivuti," alisema Aiuba, na alisema kwa heshima zake zote. "Natafuna."

"Sawa. Na kansa nayo haikuui. Inakutafuna."

Vita havikumwua mtu huyu. Walikimbia kutoka Mocímboa na watoto mgongoni, wakalala porini, wakala mizizi isiyo na jina, wakarudi wazima. Ametoka huko, sasa aje kuzikwa kwa ajili ya zawadi ya Selemane!

Alimtemesha tonge, akalifunga kwenye jani la mgomba, akampeleka nalo kwa Flávia. Nesi alipolifungua alijishika kichwa. Safari hii hakufupisha. Kuvuta, kutafuna, kunusa, kuficha shavuni, vyote ni tumbaku, vyote basi. Hamu ikija anywe maji, atafune tango, ainuke afanye kazi. Hamu hupita kama mgeni asiyekaribishwa. Ale papai na samaki, asishinde na njaa.

"Na juya je?" Aiuba aliuliza, macho yakiwa na matumaini.

"Juya vuta, Papá. Vuta mpaka jasho likutoke."

Njiani alijikokota. "Siwezi, mama Nadia."

"Ramadhani unawezaje mchana kutwa?"

"Ramadhani Mungu ananiona."

"Na miezi mingine anafumba macho?"

"Astaghfirullah, mwanamke!"

"Basi kama umemsahau Yeye, mimi nakuona."

Na wageni aliwangojea mlangoni. "Anayeleta tumbaku alete na sanda," aliwaambia, "asituchoshe kuja mara mbili." Selemane akakohoa, akarudisha mkono mfukoni. Alipokuja tena alibeba matango, ameyashika mbali na mwili kama mtu aliyetumwa kubeba nepi.

Siku za mwanzo Aiuba alikuwa mkali kama mbwa wa jirani. Alitukana matango, akatukana papai, akamtukana Flávia kwa Kireno asichokijua. Cadija akamwacha atukane. Mdomo unaotukana hauna kitu ndani. Flávia alipoutazama tena aliridhika, akapiga simu Pemba, nafasi ya operesheni ikapatikana.

Asubuhi ya mwisho kabla ya safari, Aiuba alisimama pwani na kamba mkononi. Cadija alikuwa nyuma yake, kamba ile ile; hakuona sababu ya kumwamini mpaka kesho. Kabla juya halijaanza kuvutwa, mumewe aligeuka, wala hakuambiwa, akaufungua mdomo wote kuelekea jua. Magego, ulimi, kidonda chenyewe, na kipande cha tango.

"Umeona?"

"Nimeona. Funga, nzi wasiingie," alisema Cadija. "Vuta."