Santuri Zangu Kwenye Mtama

Hasira niliyoipata siku ile kijijini kwetu Getanuwas haijaniisha hadi leo, na sina haja iishe.

Enzi za ruksa, vitu vya Ulaya vilipoanza kumwagika mnadani Katesh, wenzangu waligombea majaketi na viatu. Mimi nilikusanya santuri. Nyingi nilizinunua kwa mzungu wa mradi wa maji aliyekuwa akifunga mizigo arudi Ujerumani. Ulikuwa muziki wa hausi, ngoma inayodunda bila kupumzika mpaka moyo unaifuata. Yeye ndiye aliyenieleza kwamba waliouanzisha ni vijana weusi wa Chicago, kwa mashine za ngoma zilizouzwa rahisi kwa kukosa wateja. Ulaya ikaudaka baadaye, ikauza. Hilo nalo lilinikera. Majalada yote yalijaa majina ya Kijerumani na Kiitaliano, na wale vijana hawatajwi popote!

Mkoa wa Manyara ulipokuwa bado mpya, sindano ya gramafoni yangu ya betri ikaisha. Nikaenda Arusha kutafuta nyingine. Kila duka lilijaa kaseti na CD, na wauzaji wakanicheka. Baada ya wiki mbili nilirudi mikono mitupu.

Nikiwa bado njiani nikaona shamba langu la mtama linameremeta. Baba mkubwa, niliyemwachia nyumba, alikuwa amezitoa santuri zote kwenye majalada, akazipitisha kamba na kuzining'iniza mitini kufukuza kweleakwelea. Jua lilikuwa limezipinda kama chapati.

Nilikuwa na matusi mdomoni ya kumtosha yeye na ukoo wake, ambao ni ukoo wangu. Lakini kwetu huwezi kumfokea mkubwa kabla hujamwamkia, na ukishamwamkia huwezi tena kumfokea.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Umeona? Zile sahani zako zilikuwa zimekaa tu, hazisemi. Tena zina tundu tayari."

"Zile ni mali, baba. Muziki ule haupatikani tena."

Alinitazama bila kuelewa, akanyoosha fimbo kuelekea mashamba ya majirani. Masuke yao yalikuwa matupu, yamebaki makapi. Ya kwangu yalikuwa yameinama kwa uzito.

"Lako ndege hawajaligusa," akasema. "Mwaka huu watoto wako watakula."

Nikamwambia asante. Sijawahi kulichukia neno kama nilivyolichukia hilo.