Njia Ambayo Sikuichora

Siku yangu ya kwanza kazini, Mpima Mkuu alinikabidhi ncha ya mnyororo wa kupimia ardhi, akasema, "Kijana, ukiulegeza huu, majirani wawili watagombana mpaka wajukuu." Nikaushika hadi viganja vikachubuka.

Nilianzia Changamwe, nikapelekwa Likoni, mwisho Kisauni, nikiwa tayari mchoraji ramani. Tulikuwa tukisimika bikoni, yaani vyuma vilivyozungushiwa saruji kwenye pembe za kiwanja, kisha tunachora. Siku hizo Junda, mtaa wetu huko Kisauni, ilikuwa minazi na nyumba za kuhesabu. Ungetoka kwa huyu ukatokea kwa yule bila kukanyaga barabara, na kila jirani aliacha upenyo wa kutosha jeneza na wabebaji wake. Hakuna aliyeuandika popote. Ilikuwa adabu tu.

Ramani ya mtaa wetu niliichora mimi, nyumbani, juu ya meza ya chakula. Mke wangu Zuhura akainama kuitazama.

"Mbona njia ya jeneza siioni?"

"Haina hati, na Mkuu ataka chenye hati. Kwani nani asoijua?"

"Sisi twaijua. Watakaokuja je?"

Nilimcheka. Wallahi, nilimcheka, na hilo bado linaniuma.

Wakaja. Mashamba yakakatwa viwanja, kuta zikapanda, kila mmoja akachonga kibarabara chake kinachoingia kutoka barabara kuu na kuishia getini. Mji ukakua, njia zikapungua. Rafiki yangu wa kahawa, niliyekuwa nikimfikia kwa hatua mia, akawa safari ya pikipiki, tukaacha kutembeleana. Nilipostaafu nilibaki na Zuhura tu.

Alipougua mwaka jana, aliniomba jambo moja: siku yake ikifika, apitishwe njia ile ya nyuma, kama mama yake. Ilikuwa imebaki upenyo mmoja tu wa kupitia, na jirani mgeni alikwisha kuanza kuchimba msingi wa ukuta. Nikaenda kumsihi.

"Pole sana, mzee," akasema kwa upole. "Lakini hapa hakujawahi kuwa na njia. Ona mwenyewe." Akanikunjulia ramani. Pembeni palikuwa na jina langu, kwa mwandiko wangu.

Nikarudi nyumbani. Zuhura akafumbua macho.

"Amekubali?"

"Amekubali, mke wangu."

Wiki ile ile tulimpitisha barabara kuu, magari yakitupigia honi. Ninyi mnaopima leo mna vyombo vinavyoona kutoka angani, na mimi nimebaki na uongo ambao sina wa kumwungamia.