Mdomo wa Chama

Nathanael Rugaibula wa Nyanga alikuwa na kazi ambayo hakuna mtu mjini Bukoba aliyejua jina lake, naye mwenyewe akiwamo. Siku hizi angeitwa afisa uhusiano na kupewa kiti cha kuzunguka. Miaka ile, Mwingereza akiitawala bado Tanganyika, chama cha wakulima wa kahawa kilimpa baiskeli tu, kikamwambia awaeleze watu mambo ya chama na awafanye wakipende. Wakulima walimwita Mdomo wa Chama. Mkewe, Kokwijuka, alipoulizwa sokoni mumewe anafanya kazi gani, alijibu kwamba ameajiriwa kupendwa kwa niaba ya wengine.

Kabla ya hapo alikuwa mwandishi. Yeye na rafiki yake Aroni walikuwa wakitoa gazeti dogo la Kiswahili, wakigombana juu ya kila habari na kupatana kabla ya chakula. Alipohamia chama, Aroni alimpongeza kwa uso wa mtu aliyekuja msibani.

"Zamani ulikuwa unauliza maswali," alimwambia. "Sasa utakuwa unayajibu kabla hayajaulizwa."

Walicheka wote wawili, ila Nathanael alicheka kupita kiasi.

Kazi yake kubwa ya kwanza ilihusu wakulima waliokuwa wakikwanyua kahawa ya tawi zima, mbichi na nyekundu iliyoiva pamoja, wakaianika yote. Wanunuzi wa ng'ambo walilalamika. Chama kilitaka nyekundu tupu, na msimu ulikuwa mlangoni. Nathanael akaenda kwa Kanubhai, mwenye duka la sabuni na vitambaa, kwa kuwa hakuna aliyejua kuuza kuliko yeye.

"Bwana Nathanael, wewe maneno mingi sana," Kanubhai alimwambia. "Mtu anapita na baiskeli, anasoma maneno matatu, ya nne iko nyuma yake."

Basi wakakaa barazani na kupunguza. Jioni walikuwa na tangazo: KAHAWA MBICHI ADUI. Nathanael alilipenda kama mtoto wake. Mbao zikapakwa rangi na kusimamishwa kutoka Bukoba mpaka Muleba, nyingine zikaenda kijiji cha Kaagya.

"Umemuuliza mkulima yeyote?" Aroni alitaka kujua.

"Tangazo haliulizi, ndugu yangu. Linatangaza."

Sasa, jambo la ajabu ni kwamba siku alipokuwa akilisifia tangazo lake, Nathanael alikuwa akitafuna akamwani. Kila Mhaya anaijua: kahawa inayochumwa ingali mbichi, ikachemshwa na majani yenye harufu nzuri, ikakaushwa na kuwekwa katika kikapu kidogo. Mgeni akifika, ndiyo anayopewa kwanza. Asiyepewa ameshaambiwa arudi kwao. Nathanael alikuwa ameila tangu hajaota meno yote, na kwa sababu hiyohiyo hakuikumbuka. Kichwani mwake akamwani haikuwa kahawa hata kidogo, ilikuwa salamu.

Msimamizi mmoja wa chama, kijana mwenye bidii ya kutisha, alikuwa na kumbukumbu nzuri zaidi. Alimkuta Mama Anatolia wa Kaagya akichuma mbichi kwenye kibanja chake, akamwonyesha ubao, akachukua kikapu na kwenda nacho. Mama yule alikuwa akijiandaa kuwapokea wakwe Jumamosi, siku ya kumposa binti yake. Habari ikaenda kasi kuliko baiskeli yoyote: chama kimepiga marufuku kukaribisha wageni. Kaagya nzima ikagoma kumsikiliza Mdomo wa Chama, na wengine wakaapa kwamba kahawa yao haitakanyaga ghala la chama, mbichi wala nyekundu.

Mwenyekiti alimwita Nathanael. "Sema hakuna kikapu kilichochukuliwa," aliagiza. "Hiyo ndiyo kazi tuliyokupa."

Nathanael alikwenda kwa Aroni badala yake, akamwomba asiiandike habari ile.

"Ungekuwa bado hapa na mimi," Aroni alimuuliza, "ungeiandika?"

Nathanael alitazama nje. "Ningeiandika. Tena ukurasa wa kwanza."

"Basi umeshanijibu."

Waliachana bila kuagana, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu wafahamiane. Kanubhai, kwa upande wake, alishauri kila nyumba ya Kaagya ipewe kipande cha sabuni. Nathanael alimshukuru, akaenda nyumbani akiwa mnyonge kabisa. Kazi ilimuuma, lakini kilichomuuma zaidi ni kwamba akitamka neno la mwenyekiti, hakuna mtu wa Kaagya atakayemwamini tena, hata akisema mvua inanyesha nao wamelowa.

Jumamosi alimwomba Kokwijuka akamwani yote ya nyumbani, akaitia kikapuni na kuifunga nyuma ya baiskeli. Alipofika kwa Mama Anatolia, wakwe walikuwa wameketi, na nyuma yao alikuwa Aroni na kalamu yake. Hakuna aliyekuwa ametafuna kitu, jambo lisilofaa siku ya posa.

Nathanael alipiga goti, akaanza kwa neno la heshima la Kihaya. "Waitu, mama, kikapu chako kilichukuliwa, nacho kilichukuliwa kwa sababu ya ubao wangu. Maneno yale niliyatunga mimi, wala sikumuuliza mtu. Chama hakina ugomvi na wageni wako. Nimeleta hii ya nyumbani kwangu."

Mama Anatolia alifungua kikapu, akanusa, akaanza kugawa. Akampa baba mkwe, akampa mama mkwe, akawazungukia wote polepole, huku Nathanael akiwa bado amepiga goti na mguu umeshakufa ganzi. Mwisho akatoa punje moja, akaipasua, na kama ilivyo kila punje, ndani mlikuwa na mbegu mbili. Moja akampa Aroni, nyingine akampa Nathanael, kama Wahaya wanavyofunga udugu.

"Nimesikia hamsemeshani," alisema. "Tafuneni."

Wakatafuna. Aroni akasogea kwenye mkeka ili amwachie nafasi.

"Ubao huo kaandike upya," mama aliendelea. "Nyekundu ya chama, mbichi ya mgeni."

Kanubhai, alipoyasikia baadaye, alinung'unika kwamba maneno yamezidi.

Mama Anatolia alikaa, akakunja miguu, akamtazama Nathanael kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza. "Haya, mwanangu," akamwambia. "Ile habari yako ya nyekundu, nieleze. Sasa nasikiliza."